24 imeninyima usingizi

Jana usiku badala ya kulala nikashika kalamu nikaanza kuchezea namba tasa, na fomula yenyewe ni ya kitoto kabisa: chukua namba tasa, izidishe kwa yenyewe, toa 1, afu gawanya kwa 24. Anzia 5, maana 2 na 3 ni wakorofi hawakubali. 5 mara 5 ni 25, toa 1, gawanya, unapata 1. 7 inatoa 2, 11 inatoa 5, 13 inatoa 7, 17 inatoa 12, 19 inatoa 15, 23 inatoa 22. Hakuna baki hata mara moja!

Mi nikajiona nimegundua siri ya tasa. Sababu yenyewe hii hapa: ile hesabu ni sawa na kuzidisha majirani wawili wa hiyo namba, yaani kwa 5 ni 4 mara 6, kwa 7 ni 6 mara 8. Tasa zote hizo ni witiri, kwa hiyo majirani wote ni shufwa na mmoja wao lazima agawanyike kwa 4, ukiwazidisha 8 imo humo. Afu namba tatu zikifuatana moja lazima igawanyike kwa 3, ya katikati haiwezi maana ni tasa bwana, basi ni jirani. 8 mara 3, 24.

Sa jaribu 25. 625 toa 1 ni 624, gawanya kwa 24, 26 kamili. Loh! 35 nayo ikakubali, ikatoa 51. Kumbe fomula haina habari na tasa, inachotaka ni namba isiyogawanyika kwa 2 wala 3 basi.

Ila nilipozirudisha hizo mbili kwenye mstari wa majibu, kuanzia la 5 hadi la 37, nikapata 1, 2, 5, 7, 12, 15, 22, 26, 35, 40, 51, 57, na ukiruka moja moja, 1, 5, 12, 22, 35, zinapanda kwa 4, 7, 10, 13. Hizo ni namba za pembetano, yaani idadi ya nukta unazoweza kuzipanga zikaunda umbo la pembe tano, zile zile mwanahisabati Euler alizihangaikia karne ya 18, na zile zilizorukwa ndo pacha zake. Ukiweka tasa peke yake mstari unatoboka.

Kwa hiyo saa nane usiku nimeacha mstari naorodhesha matobo: 26, 51, 100, 126. Hiyo 100 imeletwa na 49.