Suruali ya mtu aliyeketi

Kazi yangu ni cherehani. Kibanda kiko Kondele, hapa Kisumu, upande wa chini wa daraja, na kazi inayonilipia kodi si kushona nguo mpya, ni kurekebisha mitumba. Mtu anatoka soko la Kibuye Jumapili na mfuko wake, Jumatatu yuko kwangu: punguza hapa, panua pale, zipu hii imekufa. Kwa hiyo kikundi cha vijana wa Manyatta kiliponijia na habari ya maonyesho ya mavazi, nilidhani wanataka nipige pindo tu. Kumbe walitaka fundi wa kukaa nao tangu mwanzo hadi siku yenyewe, na mada walikuwa nayo tayari, imeandikwa kwa maka nyekundu kwenye karatasi ya manila: UREMBO NI NINI?

Nikauliza nani analipa. Tukakubaliana nusu kabla na nusu baadaye, tukaanza.

Mwanzoni ilikuwa maneno matupu. Vijana wa siku hizi wamejaliwa kuongea. Kila mmoja alisimama akasema urembo hutoka ndani, urembo ni roho, urembo ni kujikubali jinsi ulivyo, na wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pembeni nachonga chaki. Sina ugomvi na roho ya mtu yeyote. Lakini nimepima watu miaka mingi, na yule yule anayesema urembo ni wa ndani, ukimzungushia tepu kiunoni anavuta tumbo na kushika pumzi. Wote huvuta, wanaume zaidi. Na kabla sijasoma namba, mtu ameshaanza kujitetea. "Aunti, usishtuke na hizi hipsi." "Mikono yangu ni minene, nishonee ndefu." "Mimi nina mabega ya mwanaume, nimezaliwa hivyo." Sijawahi kupata mteja wa kuniambia kwamba nguo hii ilikatwa vibaya huko ilikotoka. Lawama zote huenda kwa mwili.

Chukua yule msichana wa chuo aliyekuja kupimwa akiwa na shati linalomfika magotini. Ana nyonga pana na kiuno chembamba. Jinzi zake zote zinamshika vizuri mapajani, lakini nyuma kiunoni zinaachia nafasi ya kupitisha ngumi. Anafunga mshipi, mshipi unakunja kitambaa, anavaa shati refu kuficha mikunjo, halafu wenzake wanasema hajui kuvaa. Amekuwa akiendesha maisha hivyo tangu kidato cha nne. Nikamwambia avue nimwonyeshe. Unatoa ukanda wa kiunoni kwa nyuma, unafumua mshono wa katikati, unapunguza ukishuka taratibu hadi pale mshono unapoanza kupinda kuelekea chini, unashona, unarudisha ukanda. Usiguse mishono ya pembeni. Mafundi wengi hupunguza pembeni kwa sababu ni rahisi, mifuko inasogea mgongoni na mteja anarudi nyumbani na suruali iliyopinda. Alipoivaa tena alijigeuza mbele ya kioo changu, ambacho kina ufa, akaniuliza, "Aunti, kwani hivi vyote vilikuwa vinarekebishika?"

Mmoja wao, mwenye maswali mengi kuliko umri wake, akataka kujua hizo namba za saizi kwenye lebo za nguo zilitoka wapi. Swali zuri, na jibu lake naona ndilo lingefaa kuandikwa kwenye ile manila. Kwanza namba zenyewe hazisikilizani. Kumi na mbili ya Uingereza ni nane ya Marekani na ni arobaini ya Ufaransa. Ukifungua mzigo mmoja wa mitumba unazikuta zote tatu, na mama anayenunua anaondoka akiamini amenenepa tangu asubuhi. Pili, huko Marekani mwaka 1939 na 1940 wizara yao ya kilimo (ndiyo, kilimo) ilipima wanawake kama 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili, ili viwanda vya nguo vipate hesabu ya kufuata. Ripoti ilitoka mwaka 1941. Vipimo vya wanawake wasio weupe havikutumika. Viwango vilivyotangazwa mwaka 1958 vilijengwa juu ya hesabu hiyo, vikaja kufutwa mwaka 1983, na sasa kila kampuni inajipangia inavyopenda. Basi binti wa Kisumu anasimama mbele ya kioo akilaumu nyonga zake kwa sababu ya hesabu ambayo nyanya yake asingeingizwa hata kama angepanga foleni.

Walinyamaza kidogo. Halafu mwenyekiti wao akasema hiyo ni nzuri sana, aunti, lakini turudi kwenye urembo wa ndani.

Sasa nije kwa kijana wa Nyalenda. Anatumia kiti cha magurudumu, na alikuwa mkali kuliko wote. Walikuwa wamempangia kutoka mwisho kabisa, taa zikiwa zimepunguzwa na wimbo wa pole pole. Akanijia kibandani peke yake. "Fundi, hawa wananiweka mwisho ili watu walie. Mimi sitaki mtu alie. Nataka suruali."

Nikamwambia aniletee anayoivaa sana. "Ndiyo hii." Nikaangalia. Kwa aibu ya kazi yangu nasema: miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuiangalia suruali kwa mtu ambaye hasimami nayo. Suruali zote unazoziona sokoni, mpya kwa mtumba, zimekatwa kwa mtu aliyesimama. Ukikaa, kitambaa cha mbele kinakosa pa kwenda, kinajikusanya tumboni na kukufanya uonekane una kitambi. Cha nyuma kinakuwa kifupi, kinashuka, mgongo unabaki nje. Watoto wa mtaani kwao walikuwa wanamwita Mgongo Wazi, kama wale samaki wa Obunga waliokwisha kutolewa mnofu viwandani, na yeye mwenyewe alilisimulia hilo akicheka, lakini shati lake alikuwa ameliingiza ndani ya suruali mara mbili tangu tuanze kuongea. Pindo nalo linapanda mpaka juu ya soksi. Na mifuko ya nyuma! Kwako wewe mfuko wa nyuma ni pa kuwekea simu. Kwake ni mshono mnene na misumari midogo ya shaba anayoikalia kutwa nzima, na mtu asiye na hisia miguuni hajui kwamba ngozi imebonyea mpaka kidonda kitokee. Alinieleza alivyowahi kulazwa kwa sababu ya kidonda cha namna hiyo.

Kwa hiyo nilimpima akiwa ameketi, kitu ambacho hakuna aliyenifundisha kwenye mafunzo ya ushonaji. Nikamkatia kwanza kwa amerikani, kitambaa cha bei ya chini cha kujaribia. Nyuma nilipandisha inchi tatu, mbele nikateremsha mbili. Mifuko ya nyuma nikaiondoa kabisa, nikamwekea mmoja ubavuni mwa paja, mahali mkono wake unapofika bila kujikunja. Mshono wa makalio niliulaza na kuupiga pasi hadi ukawa bapa. Zipu nikaitafuta ndefu. Miguu nikaongeza urefu chini na nafasi kwenye goti, kwa sababu goti lake halinyooki. Ukiitandaza mezani ilikuwa kituko, mbele fupi nyuma ndefu, na jirani yangu wa kibanda cha pili akaniuliza kama nimeanza kulewa mchana.

Aliijaribu nyuma ya pazia akisaidiwa na nduguye. Alipotoka akapeleka mkono mgongoni, akapapasa ukingo wa suruali, akasema, "Imefika." Halafu hakukaa hata dakika. Alitaka kujua kama itashuka akijisukuma, akaingia barabarani, akazunguka hadi stendi ya matatu na kurudi, makondakta wakimpigia kelele apishe. Ilishuka kidogo. Nikaongeza lastiki nyuma ya ukanda. Mara ya pili haikushuka, na hapo ndipo tukakata kitambaa chenyewe, gabardini ya bluu iliyoiva.

Siku ya maonyesho ilikuwa kama siku zote za namna hiyo, kwa hiyo sitaimaliza yote. Viti vya plastiki, mbao zilizofunikwa zulia jekundu, spika iliyokuwa ikikoroma, mgeni wa heshima aliyechelewa. Kulikuwa na vazi la magugu maji yaliyokaushwa na kusukwa, kazi ya mikono ya watu wa Dunga, kule ufuoni, lilipendeza sana lakini aliyelivaa hakuweza kuketi mpaka jioni. Kijana mmoja alifunga mshipi wa ngozi ya mbuta. Nawaambia wasioamini: ngozi ya samaki ikitengenezwa vizuri hainuki, na pale magamba yalipotoka hubaki vijimfuko vidogo vidogo ambavyo huwezi kuvipata kwenye ngozi ya ng'ombe.

Kilichoniudhi kilitokea chumba cha nyuma. Mpambaji alikuja na sanduku zuri lenye poda chache, zote za ngozi za maji ya kunde kwenda juu. Msichana mmoja wa Seme, mweusi wa kung'aa, alipakwa hiyo hiyo iliyokuwepo, na uso ukawa wa kijivu huku shingo ikibaki na rangi yake. Mpambaji akasema chini ya taa haitaonekana. Taa zipi? Tukamfuta kwa kitambaa chenye maji, nikampaka mafuta ya mgando niliyokuwa nayo kwenye mkoba, akatoka hivyo. Mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o, binti wa gavana wetu huyu huyu, aliwaambia wanawake waliokusanyika huko Marekani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe zaidi, hadi alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa dunia nzima. Jiji letu linajivunia Lupita kila siku, na bado sanduku la poda halimfikii binti wa Seme. Krimu za zebaki nazo zimepigwa marufuku nchini, lakini pita sokoni uone.

Kipindi nilichokipenda zaidi hakikuwa cha nguo. Waliwaalika wazee wachache waeleze urembo wa zamani, na dani mmoja, yaani nyanya kwa Kijaluo, akafungua mdomo kuwaonyesha nafasi ya meno sita ya chini, yale yaliyokuwa yakitolewa kwa Mjaluo anapokua. Akasema enzi zake msichana mwenye meno yote alichekwa. Mshereheshaji, binti aliyetoga pua, akamshikia maikrofoni.

"Dani, hukuumia?"

"Niliumia, mjukuu wangu. Wewe hiyo pua ilitoboka yenyewe?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Binti akajishika pua, akacheka pia, akasahau jina la anayefuata.

Anayefuata alikuwa kijana wa Nyalenda. Alikuwa amekataa kutoka mwisho, wakamweka katikati, baada ya wazee, na wimbo akachagua mwenyewe, benga ya kasi. Aliingia akijisukuma kwa nguvu, akafika mwisho wa zulia, akageuza kiti mara moja kwenye gurudumu moja ili watu waone mgongo. Shati limekaa ndani. Ukanda uko pale pale. Hakuna aliyelia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Hiyo suruali ameshona nani?" na mimi, ambaye nilikuwa nimejiambia nitakaa kimya kama mtu mzima, niliinua mkono kabla sijajua nimeuinua.

Hotuba ya kufunga ilirudi kwa urembo wa ndani. Niliisikiliza kwa heshima. Naelewa kwa nini wanaipenda: haigharimu kitambaa, na haimlazimu mtu yeyote kubadilisha anavyofanya kazi. Ukimwambia kijana anayevuta shati siku nzima kwamba mrembo ni roho yake, umemwachia shati lake avute. Mimi kazi yangu inaanza nje, na nimeona mara nyingi mtu akiacha kujishikashika nguo, mabega yanashuka, anaanza kukutazama usoni anapoongea. Kama hiyo ni roho au ni inchi tatu za gabardini, wabishane wao.

Salio langu walinilipa, kwa kuchelewa lakini lote. Yule msichana wa chuo ameniletea jinzi za dada zake. Na kijana wa Nyalenda amerudi, sasa anataka koti la harusi ya kaka yake Desemba, na hapa nimekwama kidogo. Koti la kawaida linambana mgongoni kila anapofikisha mikono mbele kusukuma gurudumu, na mkia wake unakusanyika chini ya makalio, kwa hiyo lazima liishie kiunoni kwa nyuma. Hilo la urefu ni rahisi. La mgongo ndilo sijaamua: marinda mawili yaliyofichwa nyuma ya mabega, yanayofunguka akinyoosha mikono, au kipande cha kitambaa cha kuvutika katikati. Marinda yanapendeza zaidi lakini bitana yake inasumbua. Jumamosi nitakata yote mawili kwa amerikani, na nimemwambia aje na kiti alichozoea, kwa sababu kile cha kuazima alichokuja nacho juzi kina mikono mirefu kuliko chake, na kinanidanganya vipimo.