Ultrasaundi Mbili, Tarehe Mbili za Kujifungua

Wajawazito wengi ninaozungumza nao hapa Mwanza huniuliza kwa nini ultrasaundi ya mwanzo ilitaja tarehe moja ya kujifungua na ile ya mwezi wa nane wa ujauzito ikataja nyingine. Wengi wao huamua kuishika ya pili kwa kuwa ndiyo ya karibuni, na uamuzi huo unaweza kuwa na hatari.

Mashine haisomi umri wa mimba. Inachopima ni ukubwa wa mtoto, kisha ukubwa huo hulinganishwa na jedwali la wastani. Katika miezi mitatu ya kwanza, mtoto anapopimwa urefu kuanzia utosini hadi makalioni, watoto karibu wote huwa wanakua kwa mwendo mmoja, ndiyo maana tarehe inayopatikana hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Baadaye hupimwa kichwa, tumbo na mfupa wa paja, lakini kufikia hapo kila mtoto ameshaanza kufuata maumbile ya wazazi wake, lishe ya mama na uwezo wa kondo la nyuma, kwa hiyo baada ya wiki ya 28 tarehe inaweza kukosea kwa wiki 3 au hata zaidi.

Wifi yangu wa Ukerewe alipimwa akiwa na wiki 11, akaambiwa atajifungua tarehe 14 Juni. Alipopimwa tena Mei, katika kituo kingine na bila karatasi ya kwanza, akaandikiwa tarehe 2 Julai, na nyumbani wakafurahi kwamba bado kuna muda wa kujiandaa na safari ya kivuko. Nilimsihi arudi kwa daktari akiwa na karatasi zote mbili. Mtoto anayeonekana mdogo kwa wiki mbili na nusu huenda ni mdogo kwa asili tu, lakini huenda pia hapati chakula cha kutosha tumboni. Ukibadilisha tarehe ili ilingane na umbo lake, dalili hiyo unaifuta kwa mkono wako mwenyewe. Daktari alibaki na tarehe 14 Juni, akaagiza ukuaji upimwe upya baada ya wiki mbili.

Uzito nao ni makadirio: mtoto anayetajwa kuwa na kilo 3.5 anaweza kuzaliwa na kilo 3 au 4. Vilevile, majibu mazuri hayamaanishi kwamba kila kasoro imeonekana, kwa kuwa baadhi ya matatizo ya moyo hupita bila kugunduliwa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa ajili ya tarehe, mimi ningesisitiza iwe kabla ya wiki ya 14, na karatasi yake ikae ndani ya kadi ya kliniki, ili kila atakayempima mama baadaye aisome kwanza.