Rodi endi kwenye Impreza ya barabarani: ule mlio unatoka wapi

Toa bushi za raba kwenye mikono ya saspensheni ya nyuma ya Subaru Impreza, weka rodi endi (kiungo cha chuma: goroli yenye tundu la bolti ndani ya kichwa, na shina la hesi linaloingia kwenye mkono), na gari litatulia kwenye kona kama limepigiliwa. Ila utaanza kusikia kila kokoto. Hiyo haina dawa: raba ilikuwa inameza mtetemo, goroli ya chuma haimezi kitu. Lakini ule mgongano wa "ko, ko" ukishuka tuta taratibu ni kitu kingine kabisa, na dawa yake ipo.

Kabla ya kulaumu rodi endi, toa bolti uipime. Mikono mingi inayotengenezwa Marekani ina tundu la nusu inchi kwenye goroli, yaani milimita 12.7. Bolti ya M12, yaani ya milimita 12, inapita humo bila shida, na fundi anafurahi. Kumbe imebaki nafasi ya milimita 0.7, na ndiyo inayogonga. Rodi endi yenye bitana ya tefloni ikiwa mpya haina nafasi kabisa. Ukijaribu kuzungusha goroli kwa kidole inakataa. Kwa hiyo mlio wa siku ya kwanza karibu kila mara ni wa bolti. Tafuta bolti ya nusu inchi au rodi endi ya milimita 12 halisi, na kama tundu kwenye fremu ni dogo, lipanuliwe kwa kipimo. Kile kipande cha bati la kopo kinachozungushiwa bolti kinasagika mapema sana.

Mshukiwa wa pili ni nati ya kufungia shina. Ikilegea, hesi zinagonga na kulika, na hapo mkono wote unatupwa. Unapoikaza, hakikisha vichwa viwili vya mkono vimekaa sambamba, ukiutingisha mkono uegemee sawa kila upande. Kichwa kilichokazwa kikiwa pembeni mwa mwendo wake kinakwama gurudumu likipanda, na shina linaanza kupinda.

Shina hilo lina nguvu ya kuvuta na kusukuma, si ya kupindwa. Likikatika, hukatikia kwenye hesi karibu na nati. Ndiyo maana mikono ya pembeni ya nyuma kwenye Impreza za 1992 hadi 2007 ni mahali pazuri pa rodi endi: miwili kila upande, kazi yake kuvuta na kusukuma tu. Linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, nazo sawa. Mkono wa chini wa mbele uache na boljoint yake yenye kifuniko. Na ile goroli inayofungwa juu ya shokamzoba inashika bodi moja kwa moja, kwa hiyo kelele yote inaingia ndani. Kwa gari la kwenda kazini, mimi nisingeiweka.

Uhai wake unategemea vumbi kuliko kilomita. Vumbi la murram likiingia pembeni mwa goroli linakuwa msasa, na ile mashine ya presha ya kuoshea magari inalisukuma ndani zaidi. Ivishe mipira ya kuzuia vumbi, osha kwa maji ya sabuni na brashi. Yenye tefloni usiipake grisi, inashika mchanga. Ya chuma kwa chuma ndiyo inayotaka grisi, nayo huanza kucheza mapema, barabarani haifai.

Kuikagua: piga jeki, weka stendi, kidole kimoja kiguse goroli na kichwa kwa pamoja, mwenzako atikise mkono kwa mtaimbo. Ukihisi goroli inahama ndani ya kichwa, imekwisha. Haikazwi, inabadilishwa, kisha gari linarudi kwenye alaimenti, kupimwa upya pembe za magurudumu.

Na kila bolti ivae wosha pana kuliko tundu la kichwa. Goroli ikichomoka, wosha inauzuia mkono usitoke kwenye bolti, nawe unafika pembeni mwa barabara.