Kumbukumbu ya amplifaya yangu: skrubu moja, siku sita

Jumamosi

Amplifaya iko mezani, tumbo wazi, tangu asubuhi. Kwa ambaye hajafuatilia mradi huu: ni ya gitaa, ya vali (wengine huziita tyubu), ina vali mbili kubwa za nguvu aina ya 6L6GC, na niliipata ikiwa imekufa. Transfoma zilikuwa nzima, kapasita (vipuri vinavyotunza chaji ya umeme) nimeshabadilisha, sauti imerudi. Kilichobaki, nilivyodhani, ni kuchomeka vali mpya na kuzungusha skrubu ya bayasi. Nilijitengea nusu saa.

Bayasi ni ile volti hasi inayopelekwa kwenye gridi ya vali. Kathodi ikishapata moto inamwaga elektroni, anodi yenye volti mia nne na ushei inazivuta, na gridi iliyo katikati ndiye bawabu. Ukiongeza uhasi, bawabu anabana mlango, ukipunguza, analegeza. Akibana mno, gitaa linatoka kavu, na noti inapofifia inakwaruza. Akilegeza mno, anodi inaiva nyekundu kama kaa, vali inakufa, na siku mbaya inaondoka na transfoma ya spika.

Kuna amplifaya zisizo na shughuli hii. Vox AC30 yenye EL84 nne, kwa mfano, hupata bayasi yake kwenye rezista (kipuri kinachobana mkondo) ya kathodi na kujirekebisha yenyewe. Yangu ni ya bayasi iitwayo ya kudumu. Jina la kuchekesha, maana hiyo ya kudumu ndiyo inayotaka kurekebishwa kila unapobadilisha vali.

Sikuzungusha skrubu yoyote leo. Niliwasha kwanza nihakikishe sauti ipo, nikaweka swichi ya kusubiri, nikazima, nikachomoa plagi, nikaenda kula. Dakika ishirini baadaye nimerudi na bisibisi mkononi. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi pembeni akinisubiri niharibu kitu, akauliza, "Kaka, umepima?" Nikamwambia plagi iko sakafuni, tazama. Akasema, "Si nimekuuliza umepima?"

Nikapima ili kumnyamazisha. Volti 340.

Nimeandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Plagi sakafuni, taa imezimika, dakika ishirini zimepita, na kapasita ya kwanza baada ya rektifaya (inayogeuza umeme uende upande mmoja tu) bado imeshika volti za kuua mtu.

Jumapili

Sikulala vizuri, kwa hiyo nilichora sakiti upya ili nijue zile volti zilibaki kwa nini. Jibu lilikuwa kwenye mpangilio wangu wa kuzima. Swichi ya kusubiri inakata njia kati ya kapasita ya kwanza na amplifaya iliyobaki. Nilipoifungua kabla ya kuzima umeme, niliiacha ile kapasita peke yake, bila pa kumwaga chaji. Kumbe ningezima umeme huku swichi ya kusubiri ikiwa upande wa kupiga, vali zilizo bado na moto zingeendelea kunyonya mkondo na kuimaliza chaji karibu yote zenyewe. Tangu leo ndivyo ninavyozima. Na bado ninapima.

Nimeongeza pia rezista za kumwaga chaji, kitu ambacho aliyeijenga mashine hii hakuona haja nacho: mbili za omu 100,000, za wati 2 kila moja, zimefuatana kwa mstari, moja kwa moja kwenye kapasita ya mikrofaradi 47. Nimetumia mbili ili zigawane volti, kwa sababu rezista ina kikomo cha volti pia, si cha wati tu. Kwa hesabu, volti 460 zinashuka chini ya 10 ndani ya sekunde arobaini. Nimejaribu mara tatu kwa saa na mita, inakubali.

Rezista ya kumwaga nayo inaweza kukatika ndani kimyakimya, ndiyo maana nina fimbo: rezista ya omu 10,000, wati 5, ndani ya bomba la plastiki, upande mmoja una waya wenye klipu ya kubana chesisi, ile fremu ya chuma, upande mwingine ncha ya kugusa kapasita. Klipu kwanza, ncha baadaye, hesabu hadi kumi, kisha pima. Wapo mafundi wanaogusisha bisibisi tu, cheche ikaruka, wakacheka. Cheche hiyo inatoboa ncha ya bisibisi na kuipiga kapasita teke. Sitaki. Na ukishamaliza uache waya wa kumwagia umebana, kwa sababu kapasita kubwa ina tabia ya kujirudishia volti kidogokidogo hata baada ya kusoma sifuri.

Jumatatu jioni

Leo kazi ya kulehemu tu. Kathodi ya 6L6GC iko kwenye pini ya 8 ya soketi, na kwenye mashine yangu ilikuwa imeungwa moja kwa moja na chesisi. Nimekata, nikaweka katikati rezista ya omu 1 kwa kila vali. Uzuri wake ni kwamba mkondo wa miliampea 1 ukipita kwenye omu 1 unaacha milivolti 1. Mita inasoma milivolti, mimi nasoma miliampea, na mikono yangu haigusi mahali penye volti mia nne. Ipo njia nyingine ya kupima mkondo upande wa anodi, pini ya 3, lakini huko kuteleza kwa ncha ya mita mara moja kunatosha.

Pini zinahesabiwa kwa mwendo wa saa ukiangalia soketi kwa chini, kuanzia kwenye kijino cha katikati. Nimezihesabu mara mbili. Rezista zenyewe zilisoma omu 1.3, nikataka kuzitupa, kisha nikagusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe: 0.3. Nyaya za mita ndizo zenye ukinzani huo.

Jumatano

Kabla ya vali kubwa kuingia, nimewasha bila hizo na kupima pini ya 5, mlango wa gridi, soketi zote mbili. Skrubu nimeizungusha hadi mwisho wa uhasi: volti −60 huku, −60 kule. Kama moja ingepungua, kapasita inayoleta sauti kutoka vali ndogo ingekuwa inavuja, na hapo hakuna skrubu ya kukusaidia.

Kisha utaratibu ninaoufuata kila mara sasa. Spika imeungwa, bila spika volti zinaweza kupanda ndani ya transfoma hadi zikatoboa nyaya zake. Sauti sifuri. Klipu za mita zinabanwa umeme ukiwa umezimwa, mkono mmoja mfukoni, viatu vya mpira miguuni, na mdogo wangu kasimama karibu na swichi ya ukutani. Anaifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Kwa −60 nikapata milivolti 15 na 17. Baridi, salama. Nikaanza kulegeza. Nikafika robo ya mzunguko, mita ikaruka: 28, 31, halafu 90. Vali ya kushoto ikaanza kuona haya, doa jekundu kwenye anodi. "Zima!" Akazima kabla sijamaliza neno.

Vali imepona, nadhani. Mkosaji ni potenshometa ya bayasi yenyewe, kile kipuri ambacho skrubu yangu inakizungusha: njia yake ya ndani imechakaa, mkono wake unaoteleza juu ya njia hiyo ukanyanyuka, gridi zikabaki bila volti hasi. Bawabu aliondoka lindoni. Kipuri kidogo kuliko vyote mezani ndicho kilichotaka kuchoma kikubwa kuliko vyote.

Ijumaa

Potenshometa mpya. Pamoja nayo rezista ya omu 100,000 kutoka mguu wa katikati hadi mguu wa upande hasi. Ikitokea mkono ukanyanyuka tena, rezista hiyo inazivuta gridi kwenye uhasi wote. Gitaa litasikika vibaya, na ndivyo ninavyotaka kuarifiwa. Nimejaribu kwa makusudi, nikiwa nimetoa vali kubwa na kuuachisha waya wa katikati: pini za 5 zikakaa −60. Safi.

Jumamosi tena

Hesabu. 6L6GC inavumilia wati 30 kwenye anodi. Kwa amplifaya ya aina hii watu hukomea asilimia 70 inapokaa kimya, yaani wati 21. Mchoro niliokuwa nao unasema anodi ina volti 420, kwa hiyo 21 kugawa kwa 420 ni miliampea 50. Ndivyo nilivyoandika wiki iliyopita, na ningeifuata namba hiyo ningekosea, kwa sababu volti halisi za mashine hii si 420. Ukitia miliampea 50 kwenye volti 456 unapata karibu wati 23.

Tena volti zenyewe hazitulii. Kadiri mkondo unavyopanda, transfoma inachoka na volti zinashuka:

−60: milivolti 15 na 17, anodi 474
−54: 27 na 30, anodi 466
−51: 34 na 37, anodi 460
−49: 39 na 43, anodi 456

Ndiyo maana unazungusha kidogo, unasubiri dakika chache, unapima vyote viwili, unapiga hesabu upya. Kwenye namba za kathodi umo pia mkondo wa gridi ya skrini, gridi ya pili ndani ya vali; nimeutoa kwa makadirio ya miliampea 2. Vali yenye moto zaidi basi ni 41 mara 456, wati 18.7, asilimia 62. Nyingine ni asilimia 56. Nimeishia hapo. Ningeweza kusogea hadi 70, lakini kwa masikio yangu tofauti kati ya −51 na −49 ni ndogo, na ile kati ya −60 na −51 ni kubwa mno: mikwaruzo ya mwisho wa noti imetoweka kabisa.

Tofauti ya miliampea 4 ilinikera kwa kuwa nilinunua vali hizi kama pacha. Nikazima, nikamwaga, nikapima, nikazibadilishia soketi. Ile 43 ikahama na vali yake, kwa hiyo sakiti haina kosa. Pacha si lazima wafanane.

Nimepiga saa mbili mfululizo, kisha nikapima tena vali zikiwa na moto kamili: 40 na 44, volti 455. Nimezima kwa ule mpangilio mpya, umeme kwanza. Nilipofika kwenye kapasita na ncha ya mita, mdogo wangu aliniwahi: "Ngapi?"

Volti 0.8.