"Kamwacha tu, kaenda zake?"

Neno la Mama la Jumanne limenikwama kama mwiba wa samaki. Nimehamishiwa zamu ya mchana, karatasi za mwanangu Dogo za kuja huku zimerudishwa kwa mara ya pili, jokofu limekufa, lakini ninachokitafuna wiki nzima ni hilo neno tu.

Nilikuta mtoto wa kulungu kajikunja kwenye majani nyuma ya jengo letu, karibu na mapipa ya taka, mgongo una madoa meupe utadhani kamwagiwa mchele. Hatikisiki. Babu wa chini, mzaliwa wa hapa hapa Ohio, akanizuia nisimsogelee. Mwezi huu wa Juni mama zao huwaficha hivyo, wanakwenda malishoni, wanarudi kunyonyesha mara chache kwa siku. Kichanga hana harufu ya kusikika. Mama akikaa karibu, yeye ndiye atakayevuta koyote, mnyama wa huku mithili ya mbweha.

Nikampigia Mama simu ya video, aone ayala wa Zaburi ya 42 aliyemwimba kwayani miaka yote bila kumjua sura. Akatazama kimya.

"Kwa hiyo kamwacha tu, kaenda zake?"

"Hajamwacha, Mama. Kaenda kutafuta. Atarudi."

"Haya. Na wewe ndivyo ulivyosema."

Hakusema kwa ubaya. Au alisema? Ile "haya" ilikuwa ndefu. Nimeirudia kwenye basi, nimeirudia nikikunja mashuka ya wagonjwa. Asubuhi naisikia kama utani. Usiku naisikia kama miaka minne ya Dogo kulala Moshi, chumbani kwa bibi yake.

Jana saa tatu usiku, jua ndio kwanza linazama, jike akatokea kwenye miti ya kijitoni. Akapiga mguu chini, akanikodolea dirishani, akasogea. Mtoto akachomoka, akaanza kunyonya huku akikipiga kiwele vichwa, kimkia hakitulii. Mara kutoka kichaka kingine kabisa, ng'ambo ya uzio, akaja wa pili. Mapacha! Siku zote hizi najifanya mlinzi, kumbe nalinda nusu ya familia. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Nikatuma video. Moshi ilikuwa saa kumi alfajiri, na Mama yuko macho. Jibu likaja bila hata salamu:

"Na baba yao yuko wapi?"

Sijajibu. Halafu lile jino la Februari limeanza tena, na bima mpya haianzi mpaka Agosti.