Kugawa madaraka katika mradi wa programu huria: anza na funguo

Mradi wetu ni wa programu huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayounda programu) uko wazi kwa wote. Kazi ya kutenganisha bodi, inayoshika pesa, na baraza la ufundi, linaloamua kuhusu msimbo, niliianzia kwenye funguo, vyeo vikaja baadaye. Niliorodhesha kila kitu ambacho mtu mmoja akiondoka nacho mradi unakwama: jina la tovuti, akaunti ya benki, nembo, ruhusa ya kuingiza msimbo kwenye tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), ufunguo wa kidijitali wa kutia saini matoleo ya programu. Kila kimoja kilipewa chombo kimoja kinachokimiliki na watu wasiopungua wawili wanaoweza kukifikia.

Mgawanyo wenyewe tuliuchota kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Guido van Rossum, mwanzilishi wake aliyekuwa na kauli ya mwisho, aling'atuka Julai 2018, na Desemba mwaka huohuo watunzaji wa msimbo wakapigia kura mfumo wa baraza la watu 5, linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa. Wanaotoka kwa mwajiri mmoja hawazidi 2. Pesa na nembo zimebaki kwa Python Software Foundation, yenye bodi yake. Hicho kipengele cha mwajiri kiandikeni mapema. Kampuni ikishaajiri nusu ya watunzaji, nani atakipitisha?

Kasheshe iko mpakani. Chukua malipo ya mtu wa kurekebisha hitilafu sugu: bodi itasema pesa ni zake, baraza litasema msimbo ni wake. Kifungu chetu kinasema baraza linataja kazi na kuthibitisha kwamba imekamilika. Bodi inapanga kiasi, inasaini mkataba na kulipa. Kisha kuna sentensi niliyoing'ang'ania kuliko zote: bodi haina mamlaka ya kumwahidi mfadhili kwamba msimbo fulani utaingia kwenye toleo. Bila hiyo, siku baraza likikataa msimbo mbovu, mradi mzima unaonekana umevunja mkataba.

Kwa Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, tulichukua breki. Katiba yao inaifanya Kamati ya Ufundi kuwa kimbilio la mwisho. Haibuni suluhisho yenyewe, na kutengua uamuzi wa mtengenezaji kunahitaji kura 3 kwa 1. Baraza likizoea kuingilia kila mabadiliko, watunzaji wanaacha kuamua na foleni inaganda.

Maadili, yaani malalamiko kuhusu mwenendo wa washiriki, yapewe kamati yake. Novemba 2021 timu ya maadili ya Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, ilijiuzulu yote, ikilalamika kuwa timu kuu haiwajibiki kwa yeyote ila kwa yenyewe. Kwa hiyo tuliandika kwamba anayelalamikiwa, hata awe mjumbe wa baraza, hakai kwenye kikao wala hapigi kura, na kamati inaweza kumsimamisha bila kuomba idhini ya baraza.

Kura za kawaida hukaa wazi saa 72, desturi ya Apache, shirika linalolea miradi huria, ili walio mbali kimajira nao wapige. Marekebisho ya usalama hayangoji: watu wawili wenye ufunguo wa kutia saini wanakubaliana, wanatoa toleo, na baraza linaarifiwa siku hiyohiyo.