Mkojo wa mwanzo, si wa katikati

Wenzangu wa maabara, tunapotafuta dalili za saratani ya tezi dume kwenye mkojo kwa njia ya eksosomu, tunachowinda ni vifuko hivi vinavyotolewa na seli, vingi vikiwa na kipenyo cha nanomita 30 hadi 150, vilivyobeba RNA (nakala za maagizo ya jeni) na protini za seli mama. Ute wa tezi dume huingia kwenye mrija wa mkojo na mkondo wa kwanza ndio unaousomba. Basi mgonjwa akinge mililita 20 hivi za mwanzo. Wengi wamezoea kuzimwaga, kama kwenye kipimo cha UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na sampuli inaharibikia hapo.

Zungusha sampuli kwenye mashine ya sentrifuji kwa 2,000 g (mara 2,000 ya nguvu ya uvutano), seli na mabaki yazame, uchukue maji ya juu. Adui mkubwa ni uromodulini, protini inayojisuka kama wavu na kunasa vifuko. Ikizama navyo, umevitupa. Kemikali ya DTT huufungua wavu huo. Hifadhi kwenye nyuzi -80 za Selsiasi, kwani kwenye -20 hasara ni kubwa. Ukishayeyusha, tikisa kwa nguvu.

Kipimo cha ExoDx cha Marekani husoma RNA za jeni za PCA3 na ERG kwa kuzilinganisha na ya jeni ya SPDEF, kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi wenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ya 2 hadi 10 ng/mL. Alama ikizidi 15.6, hatari ya saratani kali ni kubwa zaidi. Kuthibitisha ni kazi ya biopsi, yaani kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvichunguza. Nakipenda kwa sababu hakidai mtu apimwe kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa kwanza, jambo linalowafanya wanaume wengi waikimbie kliniki.